Bluberi haikuzaa baada ya baridi: tafuta kwanza iliumizwa lini

Kila Mei maswali ya wenye bluberi, kile kichaka cha matunda madogo ya buluu, huwa yaleyale: matawi yamekauka, maua ni ya kuhesabu, au maua yalikuwa tele lakini tunda halikuonekana. Jibu la haraka ni kwamba baridi ndiyo iliyofanya hivyo. Mara nyingi ni kweli, lakini halimsaidii mtu. Bluberi huumizwa na baridi katika nyakati nne tofauti: inapoingia Oktoba na Novemba, katikati ya Januari, theluji inapoyeyuka kabla ya wakati, na usiku wa jalidi maua yakiwa wazi. Dawa ya wakati mmoja haitibu mwingine. Anayefunika maua kwa shuka mwezi Mei haokoi macho (vichipukizi vilivyolala kwenye tawi) yaliyokufa Januari, na anayeng'oa mche akapanda aina nyingine hapati nafuu kama kosa lilikuwa mbolea aliyoiweka Agosti.

Kwa hiyo hapa tutaanza na kile unachokiona kwenye mche, kisha turudi nyuma hadi tarehe ya ajali. Mifano yangu mingi ni ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kwa sababu huko ndiko zilikotoka aina nyingi zinazohimili baridi kali. Mambo ni yaleyale kwa aliyepanda Wisconsin, Maine au Ontario, ambako watu wetu wa Kenya, Tanzania na Kongo sasa wana bustani zao nyuma ya nyumba.

Kabla ya kukisia: ukucha na wembe

Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini yake kukiwa na ukijani mbichi, tawi ni hai. Kukiwa na rangi ya kahawia na ukavu, shuka sentimita chache ukwaruze tena, hadi ufike penye uhai. Hapo umejua kifo kimefika wapi.

Tawi kuwa hai si kusema litazaa. Angalia macho yake. Macho ya maua hukaa kwenye ncha, ni manene na ya mviringo. Macho ya majani yako chini yake, ni madogo na yamechongoka. Bluberi hutengeneza macho ya maua ya mwaka ujao tangu mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huu, maana yake hulala nayo nje majira yote ya baridi. Na hayo macho ya maua ni dhaifu kuliko tawi lililoyabeba. Ndiyo maana mche unaweza kutoa majani mazuri sana na usiwe na ua hata moja.

Mwezi Machi au Aprili, kata vijiti vichache, viweke ndani kwenye glasi ya maji kwa siku moja au mbili ili uharibifu ujitokeze kwa rangi, kisha chukua wembe ukate jicho la ua kwa ukingamo. Ndani utaona vidoti kadhaa, kila kimoja ni ua litakalofunguka. Kijani ni uhai. Kahawia au nyeusi ni kifo. Mara nyingi utakuta mchanganyiko ndani ya jicho moja, kwa sababu kila ua huganda peke yake. Jicho lenye maua nane likipoteza matatu bado litakupa matunda. Usikate tamaa kwa kidoti cheusi kimoja. Kata macho kumi ya sehemu mbalimbali, ya juu na ya chini, ndipo useme.

Maua yako chini tu, juu ni vijiti vitupu

Hii ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote. Ukisimama mbali kidogo unaona mstari: chini ya mstari mche umejaa maua, juu yake hakuna kitu. Mstari huo ni kimo cha theluji ilipokuwa usiku wa baridi kali kuliko zote. Ajali ilitokea Januari au Februari, na waliookoka ni wale waliokuwa wamefunikwa.

Theluji imejaa hewa, na hewa iliyotulia haipitishi baridi kirahisi. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis, mji mkubwa wa Minnesota, ilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Bluberi ndefu za kawaida, zile zinazopandwa New Jersey na Michigan kama Bluecrop ya mwaka 1952 au Jersey ya mwaka 1928, huanza kupoteza macho ya maua kwenye nyuzi 29 hadi 32 chini ya sifuri, na hapo ni pale ambapo zimejiandaa vizuri na zimelala usingizi mzito. Usiku kama ule, tawi lililobaki juu ya theluji halikuwa na pa kukimbilia. Lile lililokuwa chini yake halikuonja baridi ile kabisa.

Hapa ndipo aina ya mche inapokuwa dawa yenyewe. Chuo Kikuu cha Minnesota kilichanganya bluberi ndefu na ile fupi ya mwituni inayotambaa, ambayo katika misitu ya kaskazini hulala chini ya theluji kila mwaka. Matokeo yakawa miche ya kimo cha kati: Northblue na Northsky zilitolewa mwaka 1983, Northcountry mwaka 1986, St. Cloud mwaka 1990, Chippewa na Polaris mwaka 1996. Macho yake yenyewe huhimili baridi zaidi, lakini faida kubwa kwa maoni yangu ni ufupi. Northsky haifiki nusu mita. Northblue huishia chini ya goti au juu yake kidogo. Theluji ya kawaida ya kaskazini inaifunika yote, na mche uliofunikwa wote huzaa kutoka juu hadi chini. Watu huniuliza kwa nini wanunue kichaka kifupi wakati kuna kirefu chenye mazao zaidi. Jibu langu ni kwamba kirefu kinacholala nusu uchi kitakupa mazao ya nusu ya chini tu.

Ukiwa tayari umepanda Patriot au Northland, usizing'oe. Zote mbili zilizalishwa kwa ajili ya nchi za baridi, Northland Michigan mwaka 1967 na Patriot kwa ushirikiano na Maine mwaka 1976, na Northland ina matawi yanayopinda chini ya uzito wa theluji bila kuvunjika haraka. Kazi yako ni kuleta theluji pale ilipokosekana. Unapochota theluji njiani, itupe kwa upole juu ya miche, mradi isiwe na chumvi ya barabarani. Weka uzio mwepesi upande unaotoka upepo ili theluji irundikane nyuma yake. Sehemu ambayo theluji huja kwa kuchelewa, zungushia mche wavu wa kuku mwezi Novemba, udongo ukishaanza kuganda, kisha ujaze majani makavu ya mwaloni au nyasi kavu hadi kufunika ncha. Ukifanya hivyo Oktoba kungali joto, unauzuia mche usijiandae, na unawakaribisha panya. Ngoja.

Neno moja kuhusu lebo za dukani. Kanda iliyoandikwa pale, tuseme kanda 4, inatokana na ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 2023. Inahesabu wastani wa usiku wa baridi kuliko zote katika kila mwaka, na namba ikiwa ndogo baridi ni kali zaidi. Kwa ramani hiyo mpya sehemu kubwa ya Minneapolis imehama kutoka kanda 4 kwenda kanda 5. Lakini wastani si ahadi, maana usiku ule wa 2019 ulishuka kupita kiwango cha kanda 5. Tena lebo inazungumzia kuishi kwa mche, si usalama wa maua yake. Na haisemi lolote kuhusu Oktoba wala Mei. Katika zile nyakati nne, lebo inajibu mmoja tu. Mimi nikinunua mche, nanunua wa kanda moja ya baridi zaidi ya ile ninayoishi.

Ncha zote zimekauka sentimita chache, hata zile za chini

Hapa hakuna mstari wa theluji. Kila tawi jipya limekufa nchani, juu na chini sawasawa, na sehemu iliyokufa ni nyembamba, yenye rangi ya kahawia au kijivu. Ajali hii ni ya Oktoba au Novemba, kabla theluji haijaanguka. Mche uliingia kwenye baridi haujawa tayari.

Bluberi hujifunza baridi polepole. Siku zinapofupika na usiku kupoa, huacha kukua, tawi hukomaa na kuwa gumu, majani huwa mekundu. Wekundu huo ni habari njema. Kama mwishoni mwa Septemba mche wako bado una majani ya kijani kibichi na ncha laini zinazoendelea kurefuka, tayari unajua kitakachotokea.

Mara nyingi sababu ni mbolea. Naitrojeni ikiwekwa baada ya mwanzo wa Julai huamsha matawi mapya ambayo hayana muda wa kukomaa. Weka mbolea mapema, macho yanapovimba, na nyingine kidogo wiki chache baadaye, kisha uache. Inayofaa ni salfeti ya amonia, ile ambayo wakulima kwetu huiita SA. CAN, ile mbolea ya naitreti yenye chokaa, usiisogeze karibu: bluberi hutumia naitrojeni ya amonia vizuri kuliko ile ya naitreti, na chokaa iliyomo hupunguza uchachu wa udongo ambao mmea huu hauwezi kuishi bila huo. Kupogoa mwishoni mwa kiangazi kunaleta balaa lilelile la kuamsha matawi. Ukame wa Septemba nao huumiza, kwa kuwa mizizi ya bluberi ni mifupi na haina vinyweleo vya kufyonzea maji. Endelea kumwagilia hadi udongo ugande.

Sababu nyingine ni aina inayochelewa. Elliott ya mwaka 1973 huiva mwishoni kabisa mwa msimu. Michigan kusini inafaa. Kaskazini mwa Minnesota kiangazi humalizika kabla yake, na matawi yake yanaingia kwenye jalidi yakiwa bado laini.

Ncha zilizokufa zikate baada ya majani kufunguka, ukiona wazi uhai unaanzia wapi. Anayekata Machi kwa kukisia hutupa macho ya maua yaliyokuwa mazima, na kumbuka kwamba macho hayo yako kwenye ncha hizohizo.

Macho yalivimba mapema, kisha yakawa meusi

Februari au Machi ilikuja wiki ya joto, theluji ikayeyuka, macho yakaanza kuvimba. Halafu baridi ikarudi.

Usingizi wa bluberi una hesabu yake. Aina za kaskazini zinahitaji takriban saa 800 hadi 1,000 za ubaridi kati ya nyuzi 0 na 7 kabla hazijakubali kuamka, na hesabu hiyo ikishatimia, joto lolote huzivuta. Kila hatua ya kuamka hupunguza ustahimilivu, na ukishapotea haurudi wote. Jicho lililohimili nyuzi 30 chini ya sifuri mwezi Januari, likishavimba, huumia kwenye nyuzi 9 hadi 12 chini ya sifuri. Machi ya mwaka 2012 ilikuwa na joto lisilo la kawaida Michigan, na jalidi za Aprili zikaangamiza sehemu kubwa ya tufaha na cheri za jimbo hilo kwa mtindo huuhuu.

Ukiiona dalili hii kila mwaka, hata miaka ambayo majirani hawakuguswa, soma jina la aina yako. O'Neal, Misty, Sharpblue na Sunshine Blue ni bluberi za kusini, zilizozalishwa kwa ajili ya Florida, Carolina na mfano wake. Saa chache tu za ubaridi zinazitosha. Huko kwao ni sifa. Kaskazini maana yake ni kwamba ifikapo Januari zimeshamaliza kulala na zinasubiri siku moja ya jua ziamke. Legacy nayo ina damu ya kusini, na haifai penye baridi kali. Zile za jamii ya Tifblue kutoka Georgia hata usizijaribu. Miche hii huuzwa kila mahali Aprili, imependeza kwenye chungu na maua tayari, na mnunuzi haambiwi. Aliyezoea bluberi za nyanda za juu za Kenya, ambako hakuna majira ya baridi na aina zisizohitaji ubaridi ndizo zinazofaa, inabidi ageuze ushauri wote anapopanda Duluth, kaskazini mwa Minnesota.

Kwa mche ambao ni wa kaskazini lakini bado unaamka mapema, angalia mahali ulipopandwa. Ukuta wa kusini wa nyumba hupasha joto mchana wa Machi kuliko bustani nyingine. Upande wa kaskazini au mashariki unaopata jua la kutosha wakati wa kiangazi ni salama zaidi. Na usiondoe matandazo mapema. Yanafanya udongo ubaki baridi na kuuchelewesha mche.

Maua yalikuwa tele, matunda hakuna

Huu ni usiku mmoja wa Mei, na mara nyingi mwenyewe anaukumbuka akiulizwa. Minneapolis na kandokando yake bluberi huchanua katikati hadi mwishoni mwa Mei, na jalidi ya mwisho haiko mbali na hapo. Kaskazini zaidi hata Juni si salama.

Hesabu hizi zinafaa kubandikwa mlangoni. Jicho likishapasuka na ncha za maua kuonekana, huumia kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Maua yakiwa ya waridi na yameachana, nyuzi 4 hadi 5 chini ya sifuri. Yakikaribia kufunguka, 3 hadi 4. Ua likiwa wazi, nyuzi 2 chini ya sifuri, yaani 28 za Farenhaiti. Na vikombe vya maua vikishadondoka, kile kitunda kichanga hakivumilii hata sifuri yenyewe. Yaani hatari huongezeka kadiri siku zinavyopendeza, na watu wengi huacha kuangalia kipimajoto wakati huohuo.

Kuhakikisha, pasua ua asubuhi inayofuata, jua likishapanda. Kikombe cha nje kinaweza kubaki cheupe na kizuri siku kadhaa huku ndani kumekufa. Angalia kijiti cha katikati na kile kifuko cha mbegu chini yake. Vikiwa vyeusi au kahawia, hakuna tunda. Tunda lililoumia kidogo tu hubaki dogo, lina kovu la kahawia au limepinda, na mengi hudondoka kabla ya kuiva.

Usiku hatari ni ule wenye anga safi isiyo na mawingu na upepo uliokufa. Joto la ardhi hupanda moja kwa moja angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni na nyuma ya uzio uliozibwa. Utabiri husema nyuzi 2 juu ya sifuri, lakini hiyo imepimwa juu, si kwenye maua. Weka kipimajoto chako kwenye kimo cha maua. Jioni, kabla jua halijazama, mwagilia udongo mkavu, kisha funika miche kwa shuka au kitambaa chepesi cha bustani kinachofika hadi chini, ili joto la ardhi linaswe. Kitambaa chepesi hukupa nyuzi moja hadi tatu. Plastiki ikigusa maua huyagandisha papo hapo. Asubuhi funua, nyuki wapite.

Wakulima wakubwa hunyunyiza maji usiku kucha, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto linalolishika ua karibu na sifuri. Kwa mwenye miche sita simshauri. Ukisimamisha maji kabla barafu haijayeyuka yenyewe, au upepo ukivuma, ua hupoa kuliko lingepoa bila maji.

Aina inasaidia hapa pia, ila kwa hesabu tofauti na ile ya Januari. Patriot inahimili majira ya baridi vizuri sana lakini huchanua mapema, hivyo hunaswa Mei. Duke ya mwaka 1987 huchelewa kuchanua ingawa huiva mapema, na mahali ambapo Januari si kali mno hilo ni jambo la thamani kubwa.

Ukipasua maua na kukuta ndani yote ni kijani, usiisingizie baridi. Pengine nyuki hawakuja. Nyuki wa asali hawaruki kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 10 hivi, na juma la mvua laweza kupita bila ua kuguswa. Wale nyuki wakubwa wenye manyoya huruka hata siku za baridi, kwa hiyo usiwapulizie dawa na uwaachie pembe ya bustani isiyofyekwa. Panda angalau aina mbili. St. Cloud na Polaris, kwa mfano, zisipopata chavua ya aina nyingine huzaa kidogo sana.

Inafanana na baridi, lakini siyo

Tawi limekatwa kwa mshazari safi, kama kwa kisu: ni sungura, alisimama juu ya theluji akala. Gome limetafunwa mzunguko mzima chini kabisa, pale palipofunikwa na theluji: ni panya wa shambani, na kila kilicho juu ya hapo kitakufa. Wavu wenye matundu madogo, uliozikwa kidogo ardhini, ndio kinga.

Chipukizi changa zimenyauka na kuwa nyeusi Mei, na kwenye mshipa wa jani kuna unga wa kijivu: huo ni ugonjwa wa ukungu unaokausha matunda na kuyafanya magumu, meupe. Jalidi haiachi unga. Okota matunda makavu yaliyoanguka, na ufunike ardhi kwa matandazo mapya kabla ya macho kufunguka.

Majani ya njano yenye mishipa ya kijani ni udongo usio na uchachu wa kutosha, hivyo mche hauwezi kuchukua madini ya chuma. Bluberi inataka pH ya 4.5 hadi 5.5. Mche wenye njaa hiyo huingia kwenye baridi ukiwa dhaifu, kwa hiyo hata kama uliuawa Januari, kosa lilianza hapa. Pima udongo kwanza, tia salfa mwaka mmoja kabla ya kupanda, kwa kuwa inafanya kazi polepole, na kumbuka kwamba maji ya bomba yenye chokaa huipunguza kazi hiyo kila unapomwagilia.

Mche wote umekauka

Usiung'oe kabla ya katikati ya Juni. Bluberi nyingi huoteshwa kwa vijiti, hazibebeshwi juu ya shina la mti mwingine kama tufaha, kwa hiyo kinachochipua kutoka kwenye kisiki ni aina ileile uliyoinunua. Matawi hayo mapya yatatengeneza macho mwishoni mwa kiangazi na kuzaa mwaka unaofuata.

Kama hakuna kinachochipua, chimba uangalie mizizi. Mche mchanga uliopandwa mwishoni mwa mwaka huinuliwa na udongo unaoganda na kuyeyuka mara kwa mara, hadi mizizi inabaki nje. Ukiuona mapema Machi, urudishe chini na uufunike. Sentimita 10 za vumbi la mbao au sindano za msonobari huzuia hali hiyo.

Na kama ulikuwa kwenye chungu kilichoachwa nje, hiyo ndiyo sababu. Mizizi haihimili hata karibu na kile kinachohimiliwa na matawi, na chunguni hupigwa na baridi kutoka pande zote. Hata Northblue hufa hivyo. Majani yakishapukutika, fukia chungu ardhini hadi ukingoni na ufunike juu, au kiingize kwenye gereji isiyo na joto, ukikinywesha kidogo kila udongo unapokauka. Usikiingize sebuleni. Huko hakitapata zile saa zake za ubaridi, na kitachanua ovyo au kisichanue kabisa.